"Nauliza tu": uchambuzi wa kisa kimoja kwenye laini ya vijana

Meseji iliingia Alhamisi, saa 4:52 usiku. "Samahani dada, nauliza tu. Mtu akianza kurudisha vitu vya watu alivyoazima, vyote, hata vile ambavyo mwenyewe ulishasahau, kuna shida?"

Aliyekuwa zamu alijibu baada ya dakika nne. Jibu lake ninalo hapa mezani: "Asante kwa kutuandikia. Huenda rafiki yako anapitia kipindi kigumu. Mwambie atupigie kwenye namba hii, tuko tayari kumsikiliza wakati wowote." Halina neno baya hata moja. Ni jibu tulilomfundisha sisi wenyewe, karibu neno kwa neno. Msichana akaandika, "Sawa dada, asante," na kwenye daftari la zamu kikaingia kistari kimoja: ulizo la jumla, limejibiwa, limefungwa.

Naandika kisa hiki kwa ajili ya kistari hicho. Shirika letu ni dogo: watu wa kujitolea wasiofika thelathini, chumba kimoja, simu mbili za kupokea na moja ya kupiga, na mimi niliyeajiriwa kupanga zamu na kubeba visa vizito. Kazi yetu ni kuwazuia vijana wasijitoe uhai. Nimebadilisha mambo kadhaa ya wahusika ili wasitambulike, na sitataja njia yoyote ya kujidhuru, maana kuitaja hakumsaidii msomaji na kunaweza kumuumiza. Kama wewe mwenyewe una mawazo hayo leo, weka kisa hiki kando kwanza. Mtafute mtu mmoja unayemwamini umwambie kwa maneno ya wazi, au nenda kituo cha afya kilicho karibu nawe. Uchambuzi utakusubiri.

Daftari lenye jalada jipya

Asubuhi ya Ijumaa zamu ilishikwa na mama mmoja aliyekuwa muuguzi wa wodini miaka mingi kabla ya kustaafu. Ana tabia ambayo sisi wengine tulikuwa tukiiona ni ya kujichosha: kabla hajagusa simu, anasoma daftari la usiku lote, pamoja na yaliyofungwa. Anasema wodini ukipokea zamu unapita kila kitanda, hata cha aliyelala fofofo. Alipofika kwenye ile meseji akasimama kwenye neno "vyote".

Saa 12:40 asubuhi alimwandikia yule msichana: "Mdogo wangu, ni sisi wa jana usiku. Swali lako sijaridhika na tulivyolijibu. Naweza kukupigia?" Msichana alipokea akiwa amejifungia bafuni, ananong'ona, maji ameyafungulia ili wa nyumbani wasisikie. Ana miaka 16. Kijana anayemzungumzia ana 17, wako darasa moja.

Akasimulia. Muhula uliopita alimwazima yule kijana daftari lake la hesabu, akalikatia tamaa, akaanza jingine. Siku ile ya Alhamisi kijana kamletea lile la zamani, amelivika jalada jipya, jina la msichana limeandikwa kwa wino mweusi na kupigiwa mstari kwa rula. Ndani, maswali mawili ambayo msichana aliyaacha bila jibu yalikuwa yamefanywa, hatua kwa hatua. Alicheka. "Huyu hajawahi kurudisha kitu cha mtu tangu nimjue." Halafu mapumzikoni akamwona anamrudishia mwingine kikokotoo, mwingine mkanda, na wa tatu anamlipa deni dogo ambalo mdai mwenyewe hakulikumbuka. Na alikuwa mchangamfu. Hilo ndilo lililomnyima msichana usingizi, kwa sababu wiki kadhaa kabla ya hapo kijana alikuwa haongei, halali, anaingia darasani macho yamevimba.

Sisi wa kazi hii tunazijua dalili hizo: kugawa au kurudisha vitu, kuaga kwa mafumbo, utulivu wa ghafla baada ya siku nyingi za giza. Utulivu ndio unaowadanganya watu wazima. Mzazi anasema, "Afadhali, amechangamka." Pengine amechangamka kweli. Pengine amemaliza kuamua, na uamuzi umempumzisha. Dalili moja peke yake haina la kusema, watu hurudisha madaftari kila siku. Kinachosema ni mabadiliko, na anayeyaona mabadiliko ni yule anayekaa dawati la nyuma yake.

Muuguzi wetu hakuendelea kumchimba kuhusu kijana. Alimgeukia yeye: "Na wewe unaogopa nini?"

Kimya. Maji yanamwagika. "Naogopa atakufa."

Ndipo likatoka lililobaki. Wiki mbili nyuma, wakiwa wanatoka darasani, kijana alimwambia, "Mwakani msiponiona msishangae," kisha akamwapisha asimwambie mtu. Naye akaapa. Ile "nauliza tu" ya usiku ilikuwa njia yake ya kuvunja kiapo bila kukivunja: hakutaja jina, hakusema rafiki, alisema "mtu". Sisi ndio tuliosema "rafiki yako", kisha tukamtwisha tena mzigo uleule aupeleke mwenyewe.

Mama yule akamjibu kwa maneno ambayo sasa yamebandikwa ukutani juu ya simu zetu: "Siri ya namna hii haifungwi na kiapo. Akinuna, atanuna akiwa hai." Kisha akaomba kitu kimoja, jina la mtu mzima mmoja ambaye kijana hamwogopi. Msichana akaipitia orodha kwa sauti. Mwalimu wa nidhamu, hapana. Baba, hapana, wamegombana. Mama yuko safari ya kikazi. "Mjomba wake. Yule humtania mpaka anacheka." Baada ya saa moja namba ya mjomba tulikuwa nayo. Msichana akapewa agizo la mwisho: akifika shule akae karibu na kijana, asimwache peke yake mpaka mjomba aje. Agizo hilo nitalirudia.

Swali lenyewe

Mjomba alimtoa shuleni kabla ya saa sita, akaja naye moja kwa moja kwetu. Kijana aliingia chumbani peke yake, mjomba akabaki kwenye benchi nje. Nilimweleza nani ametuambia na kwa nini. Sikuona njia ya kumficha, na kijana aliyefichwa jambo siku ya kwanza hakuamini tena siku ya pili.

Watu wetu wapya karibu wote huogopa swali linalofuata. Wanazunguka: "Unajisikiaje?" "Umechoka na mambo?" "Unafikiria kufanya jambo baya?" Wana hofu kwamba ukimtajia mtu kujiua utampandikizia wazo ambalo hakuwa nalo. Hofu hiyo nilikuwa nayo pia. Mwaka 2014 watafiti wa Uingereza walizikusanya tafiti zilizolipima jambo hili, za watu wazima na za vijana, na hawakukuta hata moja iliyoonyesha kwamba kuuliza kunaongeza mawazo hayo. Anayeulizwa kwa mafumbo hujibu kwa mafumbo, basi. Tena akisikia "jambo baya" ameshajua kwamba mbele yake yuko mtu asiyeweza kulitamka, seuze kulisikia.

Nikamuuliza, "Umekuwa ukifikiria kujiua?"

Aliangalia mlango. Akasema "Ndiyo" kwa sauti ya kawaida kabisa, kama aliyeulizwa yuko darasa la ngapi. Nikauliza kama amefikiria lini.

"Jumapili."

Ilikuwa Ijumaa, saa saba na robo mchana.

Kila nikikieleza kisa hiki, watu huniuliza sababu, nami najua wanataka moja. Tulizikuta hizi: usingizi ulioharibika kwa miezi miwili, ugomvi na baba, matokeo ya mtihani, uhusiano uliovunjika, na aibu iliyozunguka vyote. Nimezitaja kwa pamoja makusudi. Kila moja, ikiwa peke yake, inawapata vijana wasiohesabika na wanaivuka. Kichwa cha habari kinaposema fulani amejiua kwa ajili ya mapenzi, kijana aliyeachwa juzi anajifunza kwamba kuachwa huishia huko, na ndiyo maana Shirika la Afya Duniani huwasihi waandishi wasilibebeshe tukio lote jambo moja. Kwa hesabu za shirika hilo, zaidi ya watu 720,000 hufa kwa kujiua kila mwaka, na kwa wenye miaka 15 hadi 29 ni chanzo cha tatu cha vifo. Mwenye kuitafuta sababu moja ya hao wote atazeeka akitafuta. Mimi siku ile nilihitaji kujua mambo matatu tu: siku gani, kwa njia gani, na njia hiyo iko umbali gani na mkono wake.

Karatasi

Tulimpeleka hospitali siku ileile. Daktari alimwona jioni, akaridhika kwamba anaweza kurudi kwa mjomba badala ya kulazwa, mradi asiachwe peke yake, kisha akampangia kliniki ya afya ya akili. Nafasi ya kwanza iliyokuwepo ilikuwa baada ya wiki tatu. Simlaumu mtu. Nimeshuhudia nafasi zinazopatikana baada ya miezi.

Kabla hatujatoka ofisini tulikuwa tumeandika mpango wa usalama. Huu ni ukurasa mmoja ulioanzishwa na wanasaikolojia wa Marekani, Barbara Stanley na Gregory Brown. Unaanza na dalili ambazo mhusika mwenyewe anazijua kwamba hatari inakuja, unaenda kwenye mambo anayoweza kuyafanya akiwa peke yake, halafu watu na mahali pa kumtoa kwenye mawazo, halafu watu wa kuwaomba msaada waziwazi, halafu wataalamu, na mwisho namna ya kuyafanya mazingira yake yawe salama. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika katika vyumba vya dharura vya hospitali za wanajeshi wastaafu huko Marekani, wagonjwa zaidi ya 1,600. Waliopewa mpango huo pamoja na simu za kuwafuatilia walikuwa na matukio ya kujiua au kujaribu pungufu kwa karibu asilimia 45 katika miezi sita. Wale walikuwa watu wazima waliopita jeshini, si wanafunzi, na mwenye kuinukuu namba hiyo alikumbuke hilo.

Lakini ukurasa wenyewe si dawa. Mwenzangu aliyekaa na kijana alianza kumtajia: "Andika hapa, nitavuta pumzi polepole mara kumi." Kijana akaandika, akalitazama, akalikata kwa mistari miwili. Badala yake akaandika: "Nitembee mpaka uwanjani na kurudi, bila muziki." Kwenye dalili aliandika: "Nikianza kupanga vitu vyangu." Kwenye mtu wa kwenda kwake: "Mjomba. Nisiongee, nikae naye tu." Vichwa vyote alivipigia mstari kwa rula tuliyomwazima, na alipomaliza akaturudishia rula. Tulitazamana, mimi na mwenzangu. Kijana akatuona tunavyotazamana, akacheka, kicheko kifupi cha puani. Ndicho cha kwanza siku hiyo.

Hatua ya mwisho ndiyo iliyotupa kazi. Kitu alichokuwa amekifikiria kilikuwa nyumbani, na kilikuwa na matumizi yake ya kila siku. Mjomba hakuona maana ya kukiondoa. "Mtu akikusudia atatafuta kingine." Wengi husema hivyo, na kusema kweli inaonekana ni akili ya kawaida. Nikamweleza habari za Sri Lanka. Nchi ile ilipiga marufuku, kimoja baada ya kingine, viuatilifu vya shambani vilivyokuwa na sumu kali zaidi, na kati ya 1995 na 2015 vifo vya kujiua vikashuka kwa takriban asilimia 70. Watu hawakuwa wameacha kuwa na huzuni, wala madeni, wala ndoa mbaya. Kilele cha hatari huwa cha saa chache, mara nyingine cha dakika, na anayekipita bila kukuta kitu mkononi mara nyingi hupata asubuhi nyingine ya kubadili mawazo.

Mjomba hakunijibu. Saa 12 jioni ikaingia meseji yake, neno moja: "Nimetoa."

Wiki tatu za katikati

Kwa kanuni zetu za wakati huo, kisa kilikuwa kimekwisha. Mtu amepewa rufaa, faili linafungwa. Kanuni hiyo haikuandikwa na mtu mwenye moyo mgumu, iliandikwa na jedwali la ripoti. Wafadhili huuliza simu ngapi zimepokelewa, vijana wangapi wamefikiwa, rufaa ngapi zimetolewa. Sijawahi kuona safu ya "mara ngapi mlimpigia mtu ambaye hakuwapigia". Tarehe 10 Septemba, siku ya dunia ya kuzuia kujiua, tunapata fulana, mabango na wapiga picha. Oktoba hatuna pesa ya muda wa maongezi. Nasema kwa uchungu kidogo, najua.

Nilikataa kulifunga. Hoja yangu kwa wenzangu ilikuwa jaribio la daktari wa magonjwa ya akili wa San Francisco, Jerome Motto. Kati ya watu waliowahi kulazwa kwa huzuni kali au mawazo ya kujiua, alipata 843 waliokataa au kuacha matibabu baada ya kutoka hospitali. Akawagawa kwa bahati nasibu. Nusu moja iliandikiwa barua fupi kwa miaka mitano, kila mwezi mwanzoni, kisha kwa nafasi kubwa zaidi, jumla mara 24. Barua zenyewe hazikuwa na ushauri wala maswali. Zilisema tu tunakukumbuka, tunatumaini uko vizuri, ukipenda kutuandikia tutafurahi. Katika miaka miwili ya kwanza, ambayo ndiyo ya hatari zaidi, waliopokea barua walikufa kwa kujiua kwa kiwango cha chini kuliko wale wasiopata kitu.

Mwenzangu mmoja alipinga, na hoja yake haikuwa ya kupuuzwa. Alisema tukianza kuwapigia wote tutawafanya watutegemee, na siku tukikosa kupiga tutakuwa tumewaumiza sisi. Nilimjibu kwamba barua za Motto hazikumtaka mtu afanye chochote, hata kujibu. Hakuridhika sana. Tulikubaliana simu ziwe na ratiba anayoijua kijana, na ziwe na mwisho unaotajwa mapema.

Jumamosi alipiga muuguzi. Jumapili nilipiga mimi, saa kumi jioni kama tulivyopatana. Aliipokea mlio wa pili.

"Leo Jumapili," akasema.

"Najua."

Hatukuzungumza mambo mazito. Alinieleza jinsi mjomba anavyokoroma, akaiga mkoromo wenyewe, wa kupanda na kukatika. Nikamuuliza kama karatasi iko wapi. Iko ndani ya kava la simu, imekunjwa mara nne. Nikamuuliza tena lile swali, kwa maneno yaleyale. Akasema asubuhi mawazo yalikuja, akatembea mpaka uwanjani na kurudi mara tatu, mjomba akimfuata kwa nyuma akijifanya anaenda zake. Simu nzima ilichukua dakika tisa.

Siku ya 11 hakupokea. Nilipiga mara tatu ndani ya dakika kumi, nikiwa nimesimama, halafu nikampigia mjomba. Kijana alikuwa amelala. Kalala mchana kutwa, usingizi wa kwanza wa maana kwa miezi miwili, na mjomba akaogopa kumwamsha hata kwa ajili yangu. Nilikaa chini. Tangu hapo kwenye ratiba tunaandika pia: asipopokea, nani anapigiwa, baada ya muda gani. Jambo dogo, lakini siku ile sikuwa nimelipanga, nilikuwa na bahati tu kwamba namba ya mjomba ilikuwa kichwani.

Shuleni uvumi ulishaenea, na uongozi ukatuomba tuhutubie wanafunzi wote mstarini. Tulikataa. Kijana angerudi akiwa ameshakuwa mada, na hotuba ya watu mia kadhaa haimpi aliye hatarini nafasi ya kusema neno. Tulikubali kuingia darasa moja moja, vipindi vidogo, baada ya yeye kurudi na kutulia. Kliniki ilimkuta na sonona, matibabu yakaanza, na kufikia wiki ya nne alikuwa anahudhuria masomo nusu siku.

Kilichotushinda kukiona

Turudi kwenye daftari la zamu. Kikao cha tathmini kilianza kwa kumtafuta wa kulaumiwa, na aliyejibu ile meseji alikuwa analia kabla hajakaa. Nilisoma jibu lake kwa sauti, kisha nikasoma kijitabu chetu cha mafunzo. Yalikuwa maneno yale yale. Kijitabu chote, kurasa 40, kimeandikwa kwa ajili ya mtu mmoja tu, yule anayetaka kufa na akapiga simu mwenyewe. Wa pili, anayemjua mtu anayetaka kufa, alikuwa na aya moja, na aya hiyo ilisema: mwelekeze rafiki apige.

Kwa vijana hilo ni kuelekeza macho kusiko. Kijana aliye gizani, akisema, humwambia kijana mwenzake. Humwambia kwa mzaha, njiani, na kumwapisha. Kwa hiyo habari inapotufikia kwa wakati, mara nyingi inaletwa na mtu wa miaka 16 anayejifanya anauliza tu. Huyo ndiye mteja wetu, na tulikuwa tunamhesabu kama aliyekosea mlango.

Kuna utafiti mkubwa unaolisema jambo hili kwa namna yake. Danuta Wasserman wa Taasisi ya Karolinska, Sweden, na wenzake walifuatilia wanafunzi 11,110 kutoka shule 168 katika nchi 10 za Ulaya, matokeo yakachapishwa 2015. Shule ziligawiwa kwa bahati nasibu. Kwingine walimu walifundishwa kutambua wanafunzi walio hatarini. Kwingine wataalamu waliwapima wanafunzi kwa hojaji na kuwaita walioonekana kuwa na shida. Kwingine wanafunzi wenyewe walipewa vipindi vichache vya kuigiza hali ngumu na kujadiliana namna ya kujisaidia na kumsaidia mwenzao. Nyingine zilipata mabango tu. Baada ya miezi 12, waliofundishwa wao wenyewe ndio waliotofautiana wazi na wale wa mabango: majaribio ya kujiua na mawazo mazito yalikuwa takriban nusu. Kuwafundisha walimu hakukuonyesha tofauti ya kutegemewa. Walimu wasikasirike. Nadhani ni suala la nani anakaa dawati la nyuma.

Tena si jipya. Chad Varah, kasisi wa London aliyeanzisha Samaritans, huduma ya kuwasikiliza kwa simu watu wanaofikiria kujiua, mwaka 1953, alisukumwa na maziko aliyoyaongoza mwaka 1935 ya msichana wa miaka 14 aliyejiua. Msichana alivunja ungo, hakuwa na wa kumuuliza, akadhani ni ugonjwa. Varah alipofungua huduma yake alidhani yeye ndiye mshauri, na wale wa kujitolea ni wa kuwakaribisha watu kwa chai wakisubiri kumwona. Muda si mrefu akagundua kwamba wengi walikuwa wakizungumza na wale wa chai, wanapata nafuu, na hawana haja tena ya kuingia kwake. Mwaka uliofuata akawakabidhi kazi ya kusikiliza. Kila ninapoisoma habari hiyo nafikiria jinsi ambavyo mimi, katika nafasi yake, ningewapangia wale wa chai zamu nzuri zaidi za chai.

Tulibadili fomu. Kisanduku cha "ulizo la jumla" hakipo. Anayeuliza kuhusu "mtu" anaulizwa, kabla ya lolote, yeye mwenyewe anaogopa nini. Hatumtumi kupeleka ujumbe wetu, tunamwomba jina la mtu mzima, na mtu mzima huyo tunampigia sisi. Kijitabu kiliandikwa upya na aliyejibu ile meseji. Aliomba mwenyewe.

Kikao kilikuwa kinaelekea kufungwa, wiki ya tano, watu wameshaanza kukusanya karatasi, muuguzi wetu alipouliza, "Na yule binti?"

Nikafungua faili. Kijana alikuwa amepigiwa simu 14. Mjomba, tano. Baba, mbili. Mama, moja. Msichana alipigiwa mara ya mwisho ile Ijumaa asubuhi, alipoambiwa akae karibu na mwenzake, asimwache peke yake mpaka mjomba aje. Mjomba alikuja, akamchukua kijana, na hakuna aliyemrudia msichana kumwambia kwamba zamu yake imekwisha.

Nilimpigia palepale, wenzangu wakisikiliza. Aliipokea kabla haijamaliza mlio mmoja. Nilimwambia mimi ni nani, na kabla sijaendelea akauliza, "Amefanya nini?"

Hajafanya kitu, nikasema, yuko salama, nimekupigia wewe.

Ilimchukua muda kuelewa. Kisha akaanza kueleza. Kijana alimnunia siku tisa, akaja akamwomba daftari la hesabu tena, akampa. Shuleni anakaa anapoweza kumwona. Usiku simu anaiweka chini ya mto, sauti juu, na ikifika saa saba, saa nane, huamka kuangalia kama kijana yuko hewani. Akimwona yuko hewani anaogopa kwa nini halali. Asipomwona anaogopa zaidi. Kwao wanamwona anasinzia mchana, wanamwambia apunguze simu.

Nikamwomba radhi. Alinyamaza, halafu akauliza kama sasa anaruhusiwa kuizima usiku.

Nikamwambia ndiyo, aizime kuanzia leo, na nikamtajia ni nani kati yetu angekuwa zamu usiku ule na nani kesho yake. Aliniomba nirudie majina polepole. Nilisikia kalamu ikiandika.